Seva ya DNS inagoma kila jioni hapa Lamu na memori bado tele. Rasilimali gani imekwisha?

Fundi_Mkomani

Assalaam alaykum wadau.

Nasimamia mtandao mdogo hapa Amu: nyumba za wageni za Mkomani na Langoni, chache za Shela, ofisi kadhaa na saiba moja. Wote wanapitia seva moja ya DNS, kompyuta ndogo yenye Ubuntu 18.04, programu ya DNS iitwayo BIND 9.11 na memori ya GB 8. Inawatafutia wateja majina ya intaneti, inahifadhi majibu (kache), na inabeba majina yetu ya ndani ya printa na mifumo ya mapokezi.

Mchana inakwenda vizuri sana. Ikishaingia magharibi, mpaka kama saa nne usiku, mambo yanaanza. Ukipiga ping 8.8.8.8 unajibiwa, lakini tovuti haifunguki. Ukingoja dakika chache inafunguka yenyewe, mara inakwama tena. Kwa dig, amri ya kupima DNS, napata SERVFAIL (seva imeshindwa kupata jibu), au kimya kabisa. Logi zimejaa mistari hii miwili:

`recursive-clients soft limit exceeded, aborting oldest query`
`no more recursive clients: quota reached`

Nikiwasha huduma upya inapona kwa muda, kisha ni yale yale. Kinachonishangaza ni kwamba `free -m` inaonyesha zaidi ya nusu ya memori haina kazi, CPU imelala, diski ina nafasi. Seva inalia kwamba imeishiwa, mimi nikitazama naona kila kitu kipo. Imeishiwa nini?

Nyongeza, huenda ikasaidia: laini kuu ni faiba. Ikitetereka, ruta inahamia yenyewe kwenye laini ya akiba ya mawimbi kutoka bara.

---

Yakhe_Tu

Weka kron (ratiba ya kazi za kujiendesha) iwashe huduma upya kila nusu saa, ukalale. 😂

---

Fundi_Mkomani

Yakhe, kila nikiwasha upya kache yote inafutika. Wageni wote wanaanza kuuliza upya kwa pamoja, na dakika mbili za mwanzo zinakuwa mbaya kuliko zile nilizokuwa nakimbia.

---

Bi_Casuarina

Kaka mimi niko Malindi, naangalia mitandao ya nyumba za wageni pia. Nilishaacha kuhangaika na seva yangu mwenyewe. Ruta inawapa wageni DNS za umma, 8.8.8.8 na 1.1.1.1, moja kwa moja, kwisha habari. Kwa nini unajitwika mzigo?

---

Fundi_Mkomani

Dada, sababu ni mbili. Majina ya ndani: mfumo wa mapokezi unaitwa kwa jina, na 8.8.8.8 haiwezi kulijua. Ya pili ni mwendo. Jina ambalo mgeni wa chumba cha jirani alishaliuliza linajibiwa papa hapa kisiwani, halina haja ya kuvuka hadi Mokowe bara. Laini ikiwa nzito jioni, tofauti hiyo mtu anaihisi.

---

Bi_Casuarina

Hapo nimekuelewa. Lakini usiku watu wakikupigia simu kwamba hata M-Pesa haifanyi kazi?

---

Fundi_Mkomani

Wanapiga! Menyu ya M-Pesa ya kwenye laini ya simu haina habari na DNS yangu, hiyo inaendelea. Inayokwama ni programu ya simu inapotumia waifai yetu. Mwenye duka haoni tofauti, kwake yote ni "mtandao wa fundi umekufa".

---

Kusi_na_Kaskazi

Fundi, salamu kutoka Malindi. Hii nimeiona mara nyingi na nitaandika kwa urefu, maana karibu kila mtu anaanza kwa kununua memori, na hakuna kilichobadilika baada ya kuinunua.

Kwanza, neno "rasilimali" kwenye seva ya DNS mara nyingi halihusu memori. Linahusu hesabu ya vitu vilivyo wazi kwa wakati mmoja. BIND ina kikomo kinachoitwa `recursive-clients`, na usipokigusa ni 1000. Maana yake: maswali ambayo seva imeyapokea, jibu halimo kwenye kache, na inasubiri kuambiwa na seva za nje, hayawezi kuzidi 1000 kwa mpigo. Yakifika 900 inaanza kutupa lile la zamani zaidi ili kupokea jipya. Yakifika 1000 inakataa. Mistari yako miwili ya logi ni hatua hizo mbili.

Sasa memori. Kila swali linalosubiri linakula kama kilobaiti 20. Elfu moja ni MB 20 hivi. Ndiyo maana `free -m` inakucheka.

Pili, nafasi 1000 ni nyingi. Tuseme jioni maswali 100 kwa sekunde yanakosa jibu kwenye kache. Jibu kutoka nje likichukua sehemu ya kumi ya sekunde, yanayosubiri kwa pamoja ni 10 tu. Kumi! Ili uzijaze nafasi 900 kwa mwendo huo huo, kila swali lisubiri sekunde tisa. Na BIND yenyewe hukata tamaa na swali baada ya sekunde 10. Hesabu inasema wazi: watu hawajaongezeka mara tisini. Kuna majibu yasiyorudi. Boti ya Mokowe imejaa kwa kuwa abiria wa safari iliyopita hawajashuka, usiende kununua boti kubwa.

Kwa hiyo tafadhali usiongeze kikomo bado. Ukiweka 5000 sasa, tatizo litajificha wiki chache kisha litarudi limenenepa, na utakuwa umepoteza dalili uliyonayo.

Fanya haya usiku huu, wakati imekwama, siyo baada ya kuwasha upya:

`rndc status`, uangalie mstari wa recursive clients.

`rndc recursing`, ambayo inaandika faili la named.recursing lenye orodha ya kila swali linalosubiri na nani ameuliza. Watu wengi hawaijui amri hii, na mimi naiona yenye faida kuliko zote.

`cat /proc/$(pidof named)/limits`, mstari wa Max open files, tuondoe shaka ya faili na soketi. Ikiwa hilo ndilo, logi ingesema "too many open files", na hujaonyesha mstari huo.

Kwenye ruta, kama ni ya Linux, linganisha `nf_conntrack_count` na `nf_conntrack_max`. Kila swali la UDP (njia ya kutuma paketi bila kufungua muunganisho kwanza) huacha alama kwenye jedwali la miunganisho la ruta kwa sekunde 30 kwa kawaida, na jedwali likijaa paketi zinatupwa bila seva kujua. Dmesg ya ruta huandika "table full, dropping packet".

Tuletee matokeo.

---

Mzee_wa_Dirisha

Mimi ni mtu wa Windows Server, naona hapa nyote ni watu wa BIND. Niongeze la upande wetu, maana atakayetafuta uzi huu baadaye huenda ana Windows.

Mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alipoonyesha jinsi kache ya DNS inavyoweza kutiwa sumu, yaani majibu ya uongo, kirahisi, watengenezaji wote walitoa marekebisho ili poti ya kuulizia iwe ya kubahatisha. Microsoft walitoa MS08-037 mwezi Julai. Tangu hapo seva ya DNS ya Windows, ikianza tu, inajikamatia soketi 2500 za UDP. Kwenye mashine za zamani ambazo mtu alishabadilisha MaxUserPort, soketi hizo zilitoka kwenye poti za chini kuanzia 1024, na huduma nyingine ikiwaka baadaye, kwa mfano RADIUS (ya kuhakiki watumiaji) ya poti 1812, inakuta mahali pake pamekaliwa. Leo inawaka, kesho haiwaki, kutegemea bahati ya poti. Hapo dawa ilikuwa kuziandika poti hizo kwenye ReservedPorts za rejista. Siku hizi poti za muda zinaanzia 49152 hadi 65535, kwa hiyo mgongano umepungua.

Kwa hiyo kosa la rasilimali linaloonekana kwenye DNS, au kwa jirani yake, linaweza kuwa la poti kabisa. Ukitaka kujua ukubwa wa hodhi hilo la soketi: `dnscmd /Info /SocketPoolSize`.

---

Kusi_na_Kaskazi

Ahsante mzee, hiyo ni kweli na wengi wameisahau. Kwa Fundi haihusiki, yake imejitaja jina kwenye logi.

---

Yakhe_Tu

Mimi bado nasema kron.

---

Fundi_Mkomani

Nimerudi, na nina vitu vya kuonyesha.

Mchana `rndc status` inasema recursive clients: 4/900/1000. Jana baada ya isha ikasema 903/900/1000, ikacheza hapo hapo kwa muda mrefu. Faili zilizofunguliwa ziko mbali na kikomo. Jedwali la ruta halijafika hata robo. Kwa hiyo hayo mawili yametoka.

Sasa named.recursing. Anwani zote zinaanza na 10, hakuna mgeni kutoka nje anayetutumia. Yanayosubiri ni ya makundi mawili.

Kundi kubwa ni majina ya kila aina, tovuti za kawaida tu, yakiwemo maswali mengi ya aina ya DNSKEY na DS (ya funguo za DNSSEC, saini za kuthibitisha majibu ya DNS). Sikutegemea kuyaona kwa wingi huo.

Kundi la pili lilinichekesha. DVR za kamera. Nyumba nyingi hapa zilifungiwa DVR za aina moja zisizo na jina la maana, na kila moja inauliza jina lenye nambari yake yenyewe mbele ya domeni ya kiwanda. Inauliza kila sekunde. Nimejaribu kuifuata domeni hiyo kwa `dig +trace`: imesajiliwa, imeelekezwa kwa seva mbili, na seva hizo hazijibu kitu.

---

Kusi_na_Kaskazi

Mashaallah, hii ni ripoti. Tuanze na jepesi.

DVR: kila moja inauliza kila sekunde, na swali linaweza kukaa hadi sekunde 10 kabla ya kukatiwa. Maana yake DVR moja inaweza kushika hadi nafasi kama 10 kwa mpigo, usiku na mchana. Kwa kawaida BIND 9.11 hukumbuka SERVFAIL kwa sekunde 1 tu, kwa hiyo ikishindwa inaanza upya karibu papo hapo. Usingoje kiwanda kifufuke. Itangaze domeni hiyo kwenye seva yako kama eneo tupu, tumia faili la /etc/bind/db.empty ambalo Ubuntu inakuja nalo. DVR ikiuliza itaambiwa mara moja "hakuna jina hilo". Na kwa domeni nyingine zilizokufa ambazo hatuzijui, weka `servfail-ttl 30;`, sekunde 30 ndiyo juu kabisa inayokubali.

Lakini subiri. Mchana DVR zinauliza vilevile na umesema ni maswali 4 tu yanayosubiri. Je, mchana domeni hiyo inajibu?

---

Fundi_Mkomani

Nimepima sasa hivi, saa nane mchana. Inajibu! Taratibu, lakini inajibu, jina halipo. Kwa hiyo hazijafa zile seva. Usiku ndiyo hazipatikani.

---

Kusi_na_Kaskazi

Basi makundi mawili yana mama mmoja. Usiku kuna kitu kwenye njia. Umesema ruta inahama laini. Inajuaje kwamba faiba imekatika?

---

Fundi_Mkomani

Inapiga ping nje kila sekunde chache. Ikikosa majibu kadhaa, inahamia mawimbi. Ikiyapata tena, inarudi.

---

Bi_Casuarina

Na jioni wageni wamerudi kutoka ufukweni wote wako kwenye video, laini imejaa, ping zinapotea. Ruta inadhani faiba imekatika kumbe imejaa tu. Mimi hilo limenikuta Watamu msimu mzima.

---

Kusi_na_Kaskazi

Hapo hapo dada. Hilo linaeleza kwa nini inakuja na kuondoka.

Sasa kinachobaki ni kujua laini ya mawimbi inaifanyia nini DNS. Nashuku paketi kubwa. Zamani, kwa viwango vya 1987, jibu la DNS kwa UDP lilikuwa na mwisho wa baiti 512. Baadaye EDNS ikaruhusu seva kusema "mimi naweza kupokea kubwa zaidi", na BIND 9.11 inasema 4096. Jibu lenye saini za DNSSEC, hasa hayo ya DNSKEY uliyoyaona, huweza kuzidi baiti 1500 ambazo paketi moja ya Ethaneti inabeba. Linakatwa vipande. Laini nyingi, na fayawoli nyingi zaidi, hutupa vipande. Seva yako inasubiri kipande ambacho hakiji.

Ikikosa, BIND hujaribu tena ikiomba jibu dogo, na jibu lisipoenea huambiwa "njoo kwa TCP", njia inayofungua muunganisho kwanza. Kila jaribio ni sekunde zimepita na nafasi imeshikwa. Huku simu ya mgeni nayo imechoka kusubiri, inauliza tena, inashika nafasi nyingine.

Mchana, wakati ambapo hakuna anayelia, hamisha ruta kwa mkono uende kwenye mawimbi kisha upime hivi, ukitumia domeni yoyote iliyosainiwa yenye jibu kubwa na seva yake halisi:

`dig @SEVA DOMENI DNSKEY +dnssec +bufsize=4096 +ignore`
`dig @SEVA DOMENI DNSKEY +dnssec +bufsize=1232 +ignore`
`dig @SEVA DOMENI DNSKEY +dnssec +tcp`

Hiyo `+ignore` ni ili dig isikimbilie TCP yenyewe ikakuficha jambo.

---

Fundi_Mkomani

Nimefanya baada ya adhuhuri, saa ambayo mji umetulia.

Kwenye faiba: zote tatu zinajibu.
Kwenye mawimbi: 4096 kimya. 1232 inajibu, na alama ya kwamba jibu limekatwa. TCP kimya.

---

Kusi_na_Kaskazi

TCP kimya! Hiyo ndiyo inayoua. Vipande vingepotea peke yake ungepata ucheleweshaji tu, sekunde mbili tatu. Lakini seva inaambiwa "njoo kwa TCP", inakwenda, inakuta mlango umefungwa, inasubiri mpaka sekunde 10 ziishe. Angalia sheria za fayawoli za upande wa laini ile. Aliyeifunga huenda aliruhusu poti 53 ya UDP pekee. Bado kuna mafundi wanaoamini DNS ni UDP tu.

---

Fundi_Mkomani

Ni hivyo hivyo. Kulikuwa na sheria inayoruhusu ping, UDP 53, na TCP 80 na 443 kutoka, iliyobaki yote inakataliwa kimya bila hata kurudisha jibu. Na domeni ya DVR nayo nimeielewa: seva zake hujibu UDP kwa alama ya "jibu limekatwa" tu na kutaka TCP kwa kila swali. Ndiyo maana kwenye mawimbi zilionekana maiti.

Nilivyofanya, kwa mpangilio: nimefungua TCP 53 kwenye laini ya akiba. Nimeongeza kwenye options:

`edns-udp-size 1232;`
`max-udp-size 1232;`
`servfail-ttl 30;`

Domeni ya DVR nimeitangaza tupu. `named-checkconf`, kisha `rndc reload`, hakuna kuwasha upya. Ruta nayo sasa inapima kwa anwani tatu tofauti, na ping zake nimezipa kipaumbele ili zisizame kwenye video za wageni.

Usiku wa jana ruta ilihama tena laini, niliona kwenye logi yake. `rndc status` ikapanda hadi 31, ikashuka. Simu yangu haikulia.

---

Mzee_wa_Dirisha

Hiyo 1232 mnaitoa wapi? Nambari ya ajabu.

---

Kusi_na_Kaskazi

Mzee, IPv6 inahakikisha paketi ya baiti 1280 inapita kila njia. Toa 40 za kichwa cha IPv6, toa 8 za UDP, inabaki 1232. Ilipendekezwa kwenye DNS Flag Day ya mwaka 2020, siku ya watengenezaji wa DNS kubadilisha mambo kwa pamoja, na BIND za tangu wakati huo zinakuja nayo tayari. Ndiyo sababu nyingine ya Fundi kuhama Ubuntu 18.04. Muda wake wa kawaida wa kupata marekebisho ulikwisha 2023, na seva inayopokea paketi kutoka dunia nzima siyo ya kuiacha hivyo. Ukipandisha utapata pia `stale-answer-enable`: nje kukikatika kabisa, seva inatoa jibu la zamani lililo kwenye kache badala ya kukataa. Kwa kisiwa ni dhahabu.

Na sasa ukitaka kupandisha recursive-clients iwe 2000, pandisha. Haina madhara tena.

---

Fundi_Mkomani

Naiacha 1000. Ikijaa nataka nijue. Nimeweka skripti inayosoma ule mstari wa rndc status kila dakika, ikipita 200 inanitumia ujumbe.

---

Jeti_ya_Mokowe

Nimesoma uzi wote. Mimi kwangu hakuna BIND, ruta ndogo tu yenye dnsmasq, na inaandika "Maximum number of concurrent DNS queries reached (max: 150)". Ni ugonjwa huo huo? Niongeze?

---

Kusi_na_Kaskazi

Ni huo huo kwa jina lingine. Kikomo kinaitwa `dns-forward-max`, na 150 ndiyo ya kuanzia. dnsmasq haitafuti yenyewe, inapeleka maswali kwa seva ya juu, kwa hiyo uliza kwanza ile ya juu inajibu kwa muda gani. Washa `log-queries` kwa robo saa wakati imekwama, utuwekee hapa majina yanayojirudia. Na angalia kama una DVR.

---

Jeti_ya_Mokowe

Ninazo nne. 😅 Naleta logi kesho.